Nani Aliisimulia Kilwa ya Ziwa Mweru?

Tarehe 12 Mei 1894, mjini Brussels, wajumbe wa Uingereza na wa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji walitia saini mkataba ambao sehemu kubwa yake ilihusu Mto Nile. Katikati ya vifungu vya Nile kuna maelezo mafupi ya ziwa lililo mbali sana na mto huo. Mpaka kati ya Dola Huru ya Kongo na himaya ya Waingereza, mkataba unaagiza, utavuka Ziwa Mweru kwa mstari ulionyooka, kutoka pale maji yanapotoka ziwani upande wa kaskazini hadi pale Mto Luapula unapoingia upande wa kusini. Kisha linafuata sharti: mstari upindwe kusini mwa ziwa, ili Kisiwa cha Kilwa kiwe mali ya Uingereza.

Pindo hilo lipo hadi leo. Kisiwa cha Kilwa kimo Zambia, katika wilaya ya Nchelenge. Mji wa Kilwa, ulio mkabala nacho kwenye ukingo wa magharibi, umo Kongo, katika eneo la Pweto, mkoa wa Haut-Katanga, kilomita 350 hivi kutoka Lubumbashi. Msomaji wa pwani asichanganye: hii si Kilwa Kisiwani wala Kilwa Masoko, ingawa misafara iliyotoka pwani yetu ilifika huku zamani sana, na Kiswahili kinazungumzwa katika soko la samaki la mji huu kama kinavyozungumzwa Kigoma. Hapa jina moja limegawanywa nchi mbili, na kati yake yapo maji ambayo mvuvi huyavuka kwa mtumbwi bila kuona alama yoyote.

Habari za mpaka huu zimeandikwa mara nyingi. Kila nilipozisoma niliona jambo lile lile: aliyeandika alikuwa upande mmoja wa maji, na mara nyingi alikuwa mwenye bunduki au mwajiriwa wa mwenye bunduki. Naona haki kuzipitia upya taratibu, tukianzia kabla ya Brussels, maana hata wenyeji wa ziwa hawakuwa na simulizi moja.

Katika bonde la Luapula kuna kisa ambacho kila mtoto wa Kilunda hukisikia, kisa cha Nachituti. Walunda wa Mwata Kazembe walikuja kutoka magharibi, kutoka dola kubwa ya Mwata Yamvo, wakaivuka Luapula katika karne ya 18. Ziwa walilikuta mikononi mwa Washila, wavuvi, ambao bwana wao aliitwa Nkuba. Inasemekana Nkuba alimwua mtoto wa dada yake, Nachituti. Mama huyo, kwa uchungu, alikwenda kwa Kazembe kuomba alipiziwe kisasi. Majeshi ya Kazembe yakamwua Nkuba. Nachituti akaja na kikapu cha udongo na chungu cha maji, akavikabidhi kwa Kazembe. Udongo ule ni nchi, maji yale ni ziwa na mito.

Ni kisa kizuri, na Walunda wana kila sababu ya kukipenda. Kila mwaka, mwezi wa Julai, huko Mwansabombwe upande wa Zambia, sherehe ya Mutomboko hukumbusha ushindi wa mababu hao. Lakini tukitazame vizuri kinafanya kazi gani. Kinageuza vita kuwa zawadi. Walunda wanakuwa hawakunyang'anya mtu ziwa. Walipewa na mwanamke wa ukoo wa wenye ziwa wenyewe, kwa hiari yake, mbele ya mashahidi. Washila hawakutoweka baada ya hapo. Wazee wao walibaki na sauti katika mambo ya maji, matambiko na sehemu za kuvulia, na Kazembe mwenyewe alilazimika kuwaheshimu katika hayo. Mtu aliyepewa kila kitu asingehitaji kuendelea kumwomba ruhusa mwenye nyumba wa zamani. Kwa hiyo hata kabla Mzungu hajafika na kalamu, umiliki wa Mweru ulikuwa tayari ni hoja yenye pande mbili, na mshindi ndiye aliyeitunga vizuri zaidi.

Katikati ya karne ya 19 aliingia mtu wa tatu. Msiri, Msumbwa kutoka Unyamwezi, katika nchi ambayo leo ni magharibi mwa Tanzania, alikuja kwa biashara ya shaba na pembe kama baba yake Kalasa kabla yake. Akabaki. Kwa bunduki, kwa ndoa na kwa akili nyingi za kisiasa alijenga ufalme wa Garenganze, makao makuu yakiwa Bunkeya. Nchi za magharibi mwa Luapula ambazo awali zilipeleka kodi kwa Kazembe zikaanza kuipeleka kwake. Alifanya biashara na bahari zote mbili: misafara ilikwenda pwani ya Waswahili na mingine Benguela, Angola, ikibeba shaba, pembe za ndovu na watumwa, ikirudi na baruti na nguo. Wafuasi wake wakaitwa Wayeke. Kufikia miaka ya 1880, Luapula na Mweru vilikuwa mpaka kati ya Kazembe mashariki na Msiri magharibi, na watu wa pande zote mbili waliujua mpaka huo bila kuonyeshwa ramani.

Leopold alikuwa ameitia Katanga katika ramani yake tangu Agosti 1885, alipotangaza mipaka ya dola yake, na mataifa makubwa hayakumpinga. Ila hakuwa na mtu hata mmoja huko. Cecil Rhodes na kampuni yake ya British South Africa waliliona pengo hilo. Mwaka 1890 Alfred Sharpe alitumwa kutafuta saini za wafalme. Kwa Kazembe alipata. Kutoka hapo akaenda Bunkeya, akafika Novemba, na Msiri akakataa.

Hapa ndipo mpaka wa leo ulipozaliwa. Mfalme wa mashariki alitia alama yake kwenye karatasi ya Waingereza, mfalme wa magharibi hakutia, na miaka minne baadaye Luapula ikawa mstari wa dola. Vitabu vingi vya shule husema mipaka ya Afrika ilichorwa Berlin na watu waliokuwa wamekaa mezani. Kwa Mweru, hilo ni kweli nusu tu. Mstari wa wageni uliangukia juu ya mpaka uliokuwa umechimbwa tayari na Walunda na Wayeke, na uamuzi wa Waafrika wawili, mmoja kukubali na mwingine kukataa, ulisaidia kuamua nani atakuwa koloni la nani. Tukiwaondoa hao wawili kwenye simulizi kwa nia ya kuwatetea, tunawanyima akili waliyokuwa nayo.

Msiri baadaye alibadili mawazo. Wasanga, wenyeji waliokuwa chini yake, walikuwa wamemwasi, chanzo kikiwa kuuawa kwa mwanamke wa Kisanga aliyeitwa Masengo. Vita hivyo vilimnyima chakula na baruti. Akaandika barua kumwita Sharpe arudi. Barua haikufika, iliangukia mikononi mwa msafara uliokuwa ukija kwake kwa niaba ya Leopold.

Msafara huo uliongozwa na Kapteni William Stairs, ofisa wa jeshi la Uingereza mzaliwa wa Halifax, Kanada, aliyeajiriwa na Leopold. Wapagazi na askari wake wengi waliandikwa Zanzibar. Walifika Bunkeya tarehe 14 Desemba 1891. Mazungumzo ya siku chache hayakuzaa kitu. Stairs alitaka bendera ya Dola Huru ipandishwe, Msiri hakutaka, na Stairs akaipandisha kilimani bila idhini yake. Msiri akahama usiku kwenda kijiji cha jirani, Munema. Tarehe 20 Desemba Stairs alimtuma Kapteni Omer Bodson, Mbelgiji, pamoja na askari wapatao 100, wamlete. Bodson aliingia ndani ya boma. Muda mfupi baadaye Msiri alikuwa amekufa kwa risasi, na Bodson naye amepigwa risasi na mtu wa Msiri. Alikufa kwa majeraha.

Nini kilitokea ndani ya boma kati ya Bodson kuingia na risasi kulia? Simulizi inayonukuliwa zaidi ni ya Joseph Moloney, daktari wa msafara, aliyetoa kitabu London mwaka 1893. Kwa maelezo yake Msiri alichomoa upanga kwanza, Bodson akajihami. Sisemi Moloney alisema uongo. Lakini yeye hakuingia bomani. Alisikia kutoka kwa waliorudi. Tena alikuwa raia wa Uingereza aliyelipwa na Leopold kuichukua nchi ambayo Waingereza wenzake waliitaka, kwa hiyo alikuwa na mahakama mbili za kujitetea mbele yake: ya wanaochukia kuona mfalme akiuawa nyumbani kwake, na ya wanaochukia kuona Katanga imewaponyoka. Mtu wa namna hiyo anahitaji sana upanga uwe ulitoka kwanza.

Wayeke wanasimulia vingine. Kwao mfalme aliuawa kwa kukataa kuuza nchi yake, basi. Katika masimulizi yao kuna jambo zito zaidi: kwamba kichwa cha Msiri kilikatwa na kuchukuliwa, na waliokibeba walikufa mmoja baada ya mwingine. Kizazi hadi kizazi wameuliza kiko wapi. Mwanawe, Mukanda-Bantu, aliyerithi ufalme uliopunguzwa, aliacha kumbukumbu zake ambazo baadaye zilichapishwa. Hata hivyo Mukanda-Bantu naye alikuwa na mahali aliposimama. Watu wake waligeuka washirika wa dola ile ile iliyomwua baba yake, wakapigana bega kwa bega nayo dhidi ya Wasanga. Simulizi ya Wayeke inamtukuza mfalme shahidi, na inapita haraka sana juu ya miaka iliyofuata.

Vipi Wasanga? Ukimwuliza mtu wa Bunkeya, utaambiwa Msiri alikuwa shujaa wa kwanza wa kupinga ukoloni. Ukimwuliza Msanga, shujaa wake ni aliyeinuka dhidi ya Msiri, na halafu dhidi ya Wabelgiji pia. Wageni wengi waliopita Bunkeya walieleza vichwa vya watu kwenye miti ya uzio wa mfalme. Wapo wanaotaka tuitupe habari hiyo kwa kuwa imetoka kwa maadui. Mimi siitupi. Frederick Stanley Arnot, mmisionari aliyefika mwaka 1886 na kukaa pale miaka miwili bila jeshi, hakuwa na nchi ya kuiteka, na picha yake ya Msiri ni ya mtawala mwenye akili na ukatili kwa pamoja. Walioteswa na Msiri walikuwa Waafrika. Kuwanyamazisha leo ili hadithi ya Mzungu mwovu inyooke ni kuwaonea mara ya pili.

Na kuna kundi la nne, lililo karibu na msomaji wa Kiswahili kuliko yote: wanaume waliotoka Zanzibar na Bagamoyo. Walibeba mizigo, walipiga risasi, walizika wenzao. Walifika Bunkeya msimu wa njaa, nchi imechomwa na vita vya Wasanga, mashamba matupu. Kati ya watu wapatao 400 waliokuwa kwenye msafara, waliorudi Zanzibar mwaka uliofuata hawakufika 200. Stairs mwenyewe alikufa Juni 1892 huko Chinde, mdomoni mwa Zambezi. Yeye ana shajara, ana makala, ana jina kwenye ukuta wa kanisa. Wale wanaume wetu wanaonekana katika vitabu kama hesabu, isipokuwa nyapara mmoja mmoja kama Hamadi aliyetajwa kwa ushujaa. Hao ndio waliosimama langoni Munema na kusikia maneno yaliyosemwa ndani, tena kwa lugha waliyoielewa, maana Kiswahili kilijulikana Bunkeya. Hakuna aliyewaketisha na kuwauliza. Katika suala lote la kifo cha Msiri, pengo hili ndilo linaloniuma zaidi.

Basi mwaka 1894 Brussels ikaandika kilichokwisha kuamuliwa kwa bunduki. Kisiwa cha Kilwa, kilichokuwa kituo cha wafanyabiashara wa misafara na ngome nzuri ya majini, kikapewa Uingereza. Ukingo unaokitazama ukawa wa Leopold. Wala saini haikumkinga aliyesaini. Kazembe Kanyembo Ntemena, aliyekubali karatasi ya Sharpe, alishambuliwa na Waingereza mwaka 1899 kwa kukataa kutii na kulipa kodi, na mji wake ukachomwa moto. Aliyekubali na aliyekataa, wote walipigwa.

Miaka iliyofuata wavuvi walijifunza kuishi na serikali mbili. Kodi ikizidi huku, familia ilivuka kule. Samaki wa Mweru na Luapula wakawa chakula cha wafanyakazi wa migodi ya Elisabethville, mji ambao leo tunauita Lubumbashi. Wafanyabiashara wa Kigiriki walijenga biashara hiyo Kasenga, malori yakapita usiku na mchana. Samaki mpumbu, aliyekuwa akipanda mtoni kutaga kwa makundi makubwa, alivuliwa hadi akaadimika. Leo sokoni utawakuta zaidi chisense, dagaa wadogo wanaokaushwa juani kwenye mchanga, na mnunuzi wa Kilwa hamwulizi muuzaji wamevuliwa maji ya nani.

Baada ya uhuru, viongozi wa Afrika walikubaliana Cairo, Julai 1964, kuiheshimu mipaka waliyoirithi. Lakini kaskazini mwa ziwa, kati ya Pweto na Ziwa Tanganyika, mstari mwingine ulionyooka wa mkataba ule ule wa 1894 uliendelea kuleta ugomvi. Zaire na Zambia zilitia saini mkataba wa kuuweka wazi mwaka 1989. Machi 2020 askari wa Zambia walikuwa Kibanga na Kalubamba, katika eneo la Moba. Magazeti ya Kinshasa yaliandika uvamizi. Upande wa Lusaka ulisema ni ardhi yake inayolindwa. Jumuiya ya SADC iliingilia kati kusuluhisha, na askari wakaondoka baadaye mwaka huo. Nilizisoma taarifa za pande zote mbili. Hakuna iliyokuwa na sentensi hata moja ya mkulima wa Kibanga.

Narudi Kilwa yenyewe, kwenye tukio ambalo lingali na mashahidi hai.

Mwaka 2004 vita kuu ya Kongo ilikuwa imekwisha kwa makaratasi. Kilwa ilikuwa bandari muhimu kwa sababu ya mgodi wa Dikulushi, kilomita 50 hivi kaskazini, uliochimbwa na kampuni ya Anvil Mining yenye mizizi Australia na Kanada. Shaba na fedha ya Dikulushi ilishuka Kilwa na kuvuka ziwa kwenda Zambia. Kwa maneno mengine, mali ilivuka lile pindo la 1894 kila siku bila taabu.

Usiku wa kuamkia tarehe 14 Oktoba, kijana mvuvi aliyeitwa Alain Kazadi Makalayi aliingia mjini na watu wachache sana, akatangaza uhuru wa Katanga. Kundi lake lilijiita vuguvugu la mapinduzi la ukombozi wa Katanga. Wengine walijiunga naye mjini, baadhi kwa ahadi ya malipo. Polisi walikuwa wachache. Watu wengi wa Kilwa, wakijua jeshi litakuja na litakavyokuja, walikimbia. Maelfu walipanda mitumbwi kuelekea visiwani na ng'ambo, Zambia. Siku hiyo mstari wa Brussels ulikuwa na faida moja kwao: jeshi la Kongo lisingeweza kuuvuka.

Tarehe 15 Oktoba askari wa brigedi ya 62, chini ya Kanali Ademar Ilunga, waliingia. Waasi hawakuweza kupigana kwa muda mrefu. Kilichofuata ni upekuzi wa nyumba kwa nyumba, uporaji, kukamatwa kwa waliobaki na mauaji. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliofika siku chache baadaye walitoa idadi ya waliokufa kuwa zaidi ya 70, na angalau 28 kati yao wakidhaniwa kuuawa bila hukumu. Nsensele, nje kidogo ya mji, palitajwa kuwa mahali walipouawa na kufukiwa watu. Wachunguzi hao walieleza pia kwamba magari ya kampuni ya Anvil yalitumiwa na askari, na kwamba ndege iliyokodiwa na kampuni iliwaleta baadhi yao. Kampuni ilisema jeshi liliyachukua magari hayo kwa mamlaka yake, nayo haikuwa na hiari. Kazadi alijeruhiwa, akakamatwa, akafa baadaye.

Juni 2005 televisheni ya ABC ya Australia ilirusha kipindi kuhusu tukio hilo, na kelele zikaanza. Desemba 2006 kesi ilifunguliwa mbele ya mahakama ya kijeshi mjini Lubumbashi: askari, kanali wao, na wafanyakazi watatu wa kampuni. Mashirika ya haki za binadamu, kama ACIDH ya Lubumbashi na RAID ya Uingereza, yaliifuatilia hatua kwa hatua. Mwendesha mashtaka aliyeanza kesi hiyo alihamishwa kabla haijaisha. Tarehe 28 Juni 2007 hukumu ilisomwa. Kuhusu Kilwa, wote waliachiwa. Mahakama ilisema hapakuwa na mauaji ya raia waliokamatwa. Waliokufa walikufa katika mapigano kati ya jeshi na waasi. Kanali Ilunga alihukumiwa kifungo cha maisha, lakini kwa mauaji mengine. Louise Arbour, aliyekuwa Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa, alieleza wasiwasi wake hadharani. Rufaa ya waathirika ilikataliwa mwaka huo huo.

Ukiiweka hukumu hiyo kando ya kitabu cha Moloney, utaona vina maelezo ya aina moja: walikuwa na silaha, walianza, tulijihami. Sidai kwamba kila kilichosemwa na jeshi ni uongo. Waasi walikuwepo, silaha zilikuwepo, na Kazadi alileta balaa kwa mji ambao haukumwita. Wapo wazazi wa Kilwa ambao watoto wao walivutwa na ahadi zake, na hilo lazima lisemwe na wale wanaowatetea waathirika pia. Wapo Lubumbashi wanaopenda kulisimulia tukio hilo kama sura ya mapambano ya Katanga dhidi ya Kinshasa, na simulizi hiyo nayo inawafunika watu waliotaka tu kulala. Lakini swali lililokuwa mbele ya mahakama lilikuwa jepesi kuliko hayo yote: waliofukiwa Nsensele waliuawa baada ya kukamatwa, ndiyo au hapana? Mashahidi walisema ndiyo. Mahakama iliwaamini wenye magwanda.

Waathirika walijaribu Kanada. Mwaka 2011 jaji wa Quebec alikubali kuisikiliza kesi dhidi ya kampuni; Januari 2012 mahakama ya rufaa ilitengua, na Novemba mwaka huo Mahakama ya Juu ya nchi ilikataa kulipokea ombi lao. Wakati huo kampuni ilikuwa imekwisha kununuliwa na kampuni nyingine. Mlango uliobaki ulikuwa Banjul, Gambia, kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu.

Tume ilitoa uamuzi mwaka 2016, ukatangazwa mwaka uliofuata, na ni miongoni mwa maamuzi mazito kabisa katika historia yake. Iliikuta serikali ya Kongo na hatia ya mauaji, utesaji na kuwanyima watu haki ya kusikilizwa. Iliagiza waathirika wanane na familia zao walipwe dola milioni 2.5 za Marekani, wahusika wafunguliwe mashtaka, wakiwamo wafanyakazi wa kampuni, serikali iombe radhi, miili ifukuliwe na kuzikwa kwa heshima, na kumbukumbu ijengwe. Tume ilikuwa imewasikiliza watu ambao mahakama ya Lubumbashi iliwaona ni wa kupuuzwa, na uamuzi ukabadilika kabisa. Ushahidi haukuwa mpya sana. Aliyesikilizwa ndiye aliyebadilika.

Kwa mtafiti kijana wa Lubumbashi au wa Nchelenge, kazi iliyobaki ni kubwa na inawezekana. Mwaka 1965 chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Elisabethville kiliandika historia ya mji wao kwa Kiswahili chao wenyewe, kijitabu kilichopuuzwa hadi wasomi wa nje walipokichapisha upya. Mwaka 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi yake, picha kama mia moja, akiieleza kwa Kiswahili cha Katanga. Kilwa haina kijitabu kama hicho wala picha kama hizo. Wazee wa kisiwani waliowapokea wakimbizi wa Oktoba 2004 na wazee wa mjini waliokimbia hawajawahi kuwekwa katika kitabu kimoja, wa Zambia na wa Kongo, Mlunda, Mshila na Myeke, kila mmoja aseme lake na mwenzake asikie.

Na kwa Kinshasa ni ombi moja. Mashirika yaliyopeleka kesi Banjul yaliendelea kulalamika miaka mingi baadaye kwamba fidia haijatoka. Waliotoa ushahidi wa Kilwa wanazeeka, na baadhi wamekwisha kufa. Deni hilo lilipwe wakati wangalipo wa kulipokea.